Nusu Saa ya Maji

Msikilizaji, leo tuzungumze habari za ushirika, lakini tusianzie kwenye mikutano ya hadhara wala kwenye risala za viongozi. Twende Oman, nyuma ya milima ya Hajar, kwenye mabonde makavu ambayo wenyewe huyaita wadi. Huko ndani mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 100 hivi. Dar es Salaam hupata mara kumi ya hiyo, na bado kila siku tunalia kwamba bomba halitoi. Katika mabonde hayo ya mawe na changarawe kuna vijiji vya wakulima vilivyokaa palepale kwa mamia ya miaka. Wanakula tende zao, wanachuma ndimu na maembe, wanawakatia mbuzi majani, na vyote hivyo vinanyweshwa na mfereji mmoja tu. Mfereji huo ni falaji, na mwenye falaji ni kijiji.

Tukihubiriwa ushirika huwa tunaambiwa tupendane na tuaminiane. Ni maneno mazuri, siyapingi. Lakini ukiutazama kwa makini ushirika wa falaji, utaona umesimama juu ya kitu kingine kabisa. Watu hawa hawakuaminiana hata kidogo. Walihesabiana. Walihesabiana mpaka nusu saa, na ndani ya nusu saa wakahesabiana mpaka dakika, na nionavyo mimi hiyo ndiyo siri ya kudumu kwao.

Tuanze na maji yenyewe. Mvua kidogo inayopatikana hunyesha milimani, ambako kilele kirefu kuliko vyote, Jabal Shams, kinafika kama mita 3,000. Maji hushuka, huzama kwenye changarawe za bonde na kupotea machoni. Watu wa kale waliyafuata hukohuko chini. Walichimba kisima karibu na mguu wa mlima mpaka wakayakuta, na kisima hicho ndicho kinachoitwa mama wa falaji. Kisha hawakuteka kwa ndoo. Walichimba handaki la kuunganisha kisima na kijiji, lenye mteremko mdogo mno, ili maji yaje yenyewe. Handaki la namna hiyo laweza kwenda kilomita kadhaa chini ya ardhi, na kila baada ya mita kadhaa pana shimo la wima la kutolea udongo na kuingizia hewa. Mteremko ukizidi, maji hukimbia yakala kuta. Ukipungua, yanalala. Fundi alikuwa akipima mambo haya gizani, amejikunja, kwa taa ya mafuta, na watu wa kabila la Awamir wanasifika mpaka leo kwa kazi hiyo.

Masimulizi ya vijijini yanasema kwamba Nabii Sulaiman bin Daud alipita Oman, akawaona watu wana kiu, akawaamuru majini wachimbe mifereji 10,000 kwa siku kumi. Ndiyo maana falaji za chini kwa chini huitwa Daudi. Zipo pia Ghaili, zinazochukua maji yanayopita juu juu bondeni, na Aini, zinazotoka kwenye chemchemi. UNESCO, walipoziingiza falaji tano za Oman katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, waliandika kwamba mtindo huu huenda ulianza kama mwaka 500 baada ya Kristo, na kwamba dalili za kilimo cha kumwagilia katika nchi hiyo ni za zamani zaidi, kama mwaka 2500 kabla ya Kristo. Sina ugomvi na hadithi ya majini. Ila jini hadai ujira, na mtu anadai, au analazimishwa. Hapo tutaparudia.

Maji yakichomoza kutoka handakini, yana adabu yake. Mahali pa kwanza yanapoonekana ni pa watu wote kuteka maji ya kunywa, na hapo hapana hisa wala zamu. Tajiri na mgeni aliyeingia jana wanajaza mtungi sawasawa. Chini yake kidogo ndipo msikiti, kwa ajili ya udhu. Kisha mabafu ya wanaume na ya wanawake, kila upande na sitara yake, na pahala pa kuoshea maiti. Yakishapita hapo ndipo yanapoingia mashambani na kuwa mali ya mtu. Tazama walivyopanga: kinywaji juu, uchafu chini, na biashara mwisho.

Sasa tuingie kwenye hesabu. Katika falaji nyingi maji hayagawiwi kwa ndoo wala kwa ekari, yanagawiwa kwa muda. Kipimo chao huitwa athar, nacho kwa kawaida ni nusu saa ya mfereji wote. Mwenye athar moja, kwa nusu saa hiyo, falaji nzima ni yake. Athar 24 hufanya nusu ya siku, yaani mchana mzima au usiku mzima, na zamu huzunguka kijiji kizima kwa wiki moja, siku kumi, au wiki mbili, kufuatana na desturi ya mahali. Kwenye falaji nyingi mzunguko hupangwa ili aliyepata maji usiku safari hii ayapate mchana safari ijayo. Hakuna atakayesema kila siku yeye tu ndiye anayeamshwa saa tisa za usiku.

Pata picha ya zamu inapobadilika. Mtu amesimama ukingoni na jembe begani, miguu peku, suruali imepandishwa magotini. Mwenzake wa zamu inayokwisha bado yuko shambani, anahakikisha mtende wa mwisho umezungukwa na maji. Hapo mfereji unapogawanyika, tundu la kila shamba limezibwa kwa jiwe lililofungwa gunia au matambara. Saa ikitimu, huyu wa ukingoni anaziba tundu la mwenzake kwa kitambaa na tope, anakanyaga kwa kisigino kuhakikisha halivuji, kisha anang'oa jiwe la tundu lake. Maji yanageuka. Hakuna mabishano, maana wote wawili waliangalia saa ileile. Mfereji wa tope wenye upana wa mikono miwili umehama mwenyewe kwa muda wa kuvuta pumzi mara tatu.

Na kabla ya saa za mkononi? Mchana walitumia kivuli. Walisimika mti mahali pa wazi na ardhini wakatia alama, kivuli kikifika alama fulani, zamu ya fulani imekwisha. Usiku walitumia nyota. Walikuwa na orodha ya nyota zao, kila moja ina jina, na walijua baina ya hii na ile ni athar ngapi. Mtu hukaa mahali palepale siku zote, akatazama nyota ikichomoza juu ya mlima au ukuta fulani. Kilimia, ambayo mabaharia wetu na wakulima wetu wanaijua vyema, nayo ilikuwa katika orodha hiyo. Usiku wa mawingu walikisia, na hapo, naamini, ndipo kelele zilipotokea. Mwanzoni mwa karne hii watafiti walikuta vijiji vichache ambavyo bado vinagawa maji kwa nyota, huku vijana wana simu mfukoni. Vingi vimeshahamia kwenye saa. Sivilaumu.

Kuna faida moja ya kugawa muda ambayo mtu haioni mpaka ukame uje. Mwaka wa ukame maji hupungua katika handaki, lakini nusu saa haipungui. Kila mtu bado ana nusu saa yake, isipokuwa ndani yake maji ni machache. Hasara imegawanyika yenyewe, kwa kila mtu kadiri ya hisa yake, bila kikao, bila kamati, bila mkubwa kuja na orodha ya majina. Na ardhi nayo imepangwa kuusubiri ukame. Mitende, ambayo ikifa inachukua miaka kurudi, imepandwa karibu na kichwa cha mfereji. Ngano, vitunguu na majani ya mifugo yako mwishoni, kwenye ardhi inayolimwa maji yakiwa mengi na kuachwa kavu yakiwa haba. Mwaka mbaya kijiji hujikunja kutoka mkiani, na kichwa kinabaki hai.

Lakini handaki hubomoka. Mafuriko yakija, maana jangwa nalo lina mafuriko yake, bonde hujaa ghafla na kuziba mashimo kwa mawe. Kimbunga Gonu cha Juni 2007 kiliwakumbusha Waomani jambo hilo. Nani analipa kutengeneza? Falaji inajilipia. Katika kila mzunguko kuna hisa za maji ambazo si za mtu yeyote, ni za falaji yenyewe. Hisa hizo hupigwa mnada. Wanakijiji hukusanyika, dalali husimama akanadi, fulani anataka maji ya Jumanne usiku kwa sababu mchicha wake umekauka, fulani anaongeza bei, na pesa zinaingia kwenye daftari la falaji. Hizo ndizo za kuwalipa mafundi, kununua chokaa au saruji, na kumlipa anayesafisha. Zipo na hisa za wakfu: maji ya msikiti, maji ya mwalimu wa chuo, maji ambayo kodi yake hununua futari ya Ramadhani. Mtu aliyekufa zamani sana bado anafuturisha watu kwa nusu saa aliyoiacha.

Uongozi wake ni mdogo na kila mtu anajua kazi yake. Wakili ndiye msimamizi mkuu, anashika mapato na kuamua ugomvi mdogomdogo. Arifu anasimamia zamu, yeye ndiye mwenye kujua sasa hivi maji ni ya nani. Karani ana daftari. Dalali ana sauti. Ugomvi ukiwashinda, unakwenda kwa shehe wa kijiji au kwa kadhi. Wakili anayekula pesa za falaji hafiki mbali, kwa kuwa mnada hufanyika mbele za watu na kila mmoja alisikia bei. Nimeshuhudia vyama vya ushirika huku kwetu ambavyo mwanachama haoni daftari mpaka mwenyekiti awe amehama mji. Sitavitaja, mnavijua.

Sasa, nisije nikawapambia. Falaji ni ya wote, lakini wote si sawa ndani yake. Maji ni mali: hununuliwa, hukodishwa, huwekwa rehani, na hurithiwa kwa sharia ya mirathi, kwa hiyo nusu saa ya babu hupasuliwa baina ya watoto na wajukuu mpaka mtu anabaki na dakika zisizotosha hata kulowesha shina moja. Huyo atauza au atakodisha, na mwenye nazo ataongeza. Na mara nyingi maji na ardhi vina wenyewe mbalimbali, kwa hiyo utamkuta mtu ana mitende ila hana maji, na mwingine ana maji ila hana mtende hata mmoja. Anayepanda mitende, kuchavusha maua na kukata mashada huitwa bidari, na malipo yake ya kale yalikuwa sehemu ya tende zenyewe. Wengi wa watu wa kazi hizo ngumu hawakuwa na hisa, na wengine walikuwa watumwa. Oman ilipiga marufuku utumwa mwaka 1970, si zamani.

Na hapa, msikilizaji wangu wa Unguja, Mombasa au Lamu, habari hii inatufikia mlangoni. Mwaka 1698 Waomani wa Imamu Saif bin Sultan wa ukoo wa Yaarubi waliwatoa Wareno katika Ngome ya Yesu, Mombasa. Wanahistoria wa Oman wanamsifu imamu huyohuyo kwa kuchimba au kufufua falaji 17, na kupanda mitende 30,000 na minazi 6,000. Pia wanataja watumwa wake kwa mamia. Mimi nikiziweka habari hizi pamoja sizioni kuwa za watu wawili. Biashara ya pwani yetu, pembe, na jasho la watu waliochukuliwa huku, vimo ndani ya mawe ya mifereji ile. Mwanachuoni J. C. Wilkinson, ambaye kitabu chake cha mwaka 1977 juu ya maji na makabila ya Oman bado kinategemewa, aliandika kwa kina juu ya uhusiano wa utajiri wa enzi ile na ujenzi wa falaji. Ukisimama Birkat al-Mouz, mahali Falaji ya Khatmeen inapogawanywa mikondo mitatu iliyo sawa kabisa, unatazama hesabu safi. Waliobeba mawe hawako kwenye hesabu hiyo.

Njia ya baina ya Oman na pwani yetu ilikuwa na pande mbili. Falaji zilipokauka, na zilikauka mara nyingi, watu wa mabonde hayo walipanda majahazi kuja huku. Barwani, Harthi, Kharusi, Riyami, majina tunayoyajua kutoka Unguja na Pemba hadi Tabora na Ujiji, asili yake ni vijiji vya mitende na mfereji. Walikuja wakapanda karafuu, ambayo mvua huinywesha bure. Wapo waliotuma pesa kwao kununua hisa za maji na mitende. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na hasa baada ya Sultani Qaboos kushika nchi Julai 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi, wengi walirejea na Kiswahili chao. Ndiyo maana leo ukienda Maskati, au Ibra huko Sharqiyah, unaweza kununua samli na kugombana na dereva wa teksi kwa Kiswahili cha Ng'ambo.

Miaka hiyohiyo ya 1970 falaji ikapata adui ambaye haina kinga naye. Si ukame, ukame inaujua. Ni pampu ya dizeli. Mtu mwenye pampu anachimba kisima chake mwenyewe, kwenye ardhi yake mwenyewe, anavuta maji saa anayotaka. Hakugusa mfereji. Hakung'oa jiwe la mtu. Arifu hana la kumwambia. Lakini maji anayovuta ndiyo yaleyale yaliyokuwa njiani kwenda kwa mama wa falaji, na siku moja watu wanaamka mfereji umebaki unyevu. Hakuna wa kumshika, kwa kuwa hakuna aliyeiba. Kwenye pwani ya Batinah visima vilivuta mpaka maji ya bahari yakaingia chini ya mashamba, na mitende ikafa kwa chumvi.

Serikali iliamka. Mwaka 1988 amri ya kisultani ilitangaza maji kuwa rasilimali ya taifa, na kuchimba kisima kukahitaji kibali, hasa karibu na mama wa falaji. Falaji nyingi zimetengenezwa kwa pesa za serikali, kuta zikapigwa saruji. Hilo ni jema, isipokuwa lina bei yake: kijiji kinachotengenezewa mfereji na wizara hakioni tena sababu ya kwenda mnadani. Vijana wako maofisini Maskati, hurudi Ijumaa na magari yao. Anayeziba tundu kwa tope leo, mara nyingi, ni kijana wa Bangladesh aliyeajiriwa kwa mkataba. Yeye ndiye ajuaye zamu ya shamba kuliko mwenye shamba. Hesabu ya kitaifa iliyofanywa miaka ya 1990 ilikuta falaji 4,112, na kati yake 3,017 ndizo zilizokuwa bado zinatiririsha maji. Zilizobaki, zaidi ya elfu moja, zilikuwa mashimo tu.

Mimi silii kwa sababu ya mila. Mtu hawezi kumwambia kijana aache mshahara wa Maskati aje akeshe na Kilimia. Lakini nadhani tumekosea kuiweka falaji katika makumbusho, eti tuitazame kama vyombo vya kale, wakati ndani yake kuna kanuni mbili ambazo vyama vyetu vingi havina. Ya kwanza, hasara inagawiwa kwa kipimo kilekile cha faida, tangu kabla haijatokea. Ya pili, chombo kina hisa yake chenyewe, isiyoguswa na mtu, ya kukitengeneza. Tumewahi kuona visima vya mradi vikifunguliwa kwa ngoma na utepe, mwaka wa tatu mpira wa pampu ukakatika, na kijiji kizima kikarudi mtoni kwa kukosa pesa ya mpira. Mnada mmoja wa nusu saa ya Jumanne usiku ungeununua.

Namalizia na ombi. Kama nyumbani kwenu, iwe Vuga, Mwembe Tanga, Kibokoni au Maskati, yupo mzee aliyezaliwa au kulelewa katika vijiji hivyo vya Oman, msiachie mazungumzo yaishe kwenye kahawa na halua. Muulizeni falaji ya kwao inaitwaje, mzunguko wake ni wa siku ngapi, hisa ya nyumba yao ilikuwa athar ngapi, na nyota gani ikichomoza ndipo zamu yao ilipofunguliwa. Mrekodini kwenye simu, au andikeni kwenye daftari, kwa majina ya nyota kama anavyoyatamka yeye. Atakayependa kutuletea, anuani yetu mnayo. Tutayasoma hapahapa.